Habari Nne za Ugonjwa wa Baba Yako

Igowole, Mufindi
Jumapili, 11 Septemba 1977

Mwanangu Atupele,

Mwalimu wetu wa darasa la sita kule Tukuyu alikuwa akisema kwamba barua isiyo na tarehe imeandikwa na mtu anayetaka kuikana baadaye. Kwa hiyo tarehe nimeiweka. Na chini yake nakuahidi kwamba nitakuambia yote, bila kupunguza na bila kupamba, hata pale ambapo ukweli utaniaibisha mbele yako.

Umekwenda kuwaaga shangazi zako na najua hawatakuachia upesi. Baba yako amelala. Ndugu Elia wa zahanati alimpa vidonge vya saa kumi na vimeshamkolea. Mimi nimekaa jikoni, sinia nimeligeuza limekuwa meza, na ukungu umeshafika kwenye migomba ingawa jua bado halijazama.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kula, wala za kusali. Miaka miwili umeishi Uingereza ukisomea udaktari bila mimi na hukufa kwa baridi. Ninalokuandikia ni hili. Baba yako ana kansa ya tumbo na hatapona. Wewe unajua, mimi najua, na Jumatano ile ya tarehe 31 Agosti tulikubaliana kwamba yeye asiambiwe. Au niseme kweli, mimi niliwalazimisha mkubali. Kesho saa kumi na mbili asubuhi gari la misheni linakupeleka Mafinga, na kutoka hapo unapanda basi la Dar es Salaam. Ukija tena nchini hutamkuta. Ulitaka umuage kama mtu anavyoagwa, nikakukataza. Leo mchana jambo hilo limegeuka, na wewe hujui limegeuka vipi. Nia yangu ni kuiweka barua hii ndani ya kile kitabu chako kinene cha mifupa, uikute ukishafika.

Lakini nianze mwanzo.

Aprili tulipokwenda Mbeya, hukuwepo, na katika barua nilikuandikia kwamba baba anachunguzwa tumbo. Walimfungua, wakaona, wakamfunga. Kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji nilimfuata daktari kibarazani nikamshika mkono wa koti. Nikamwomba, lolote atakaloliona aniambie mimi peke yangu. Alikuwa kijana na alikuwa amechoka, akaitikia kwa kichwa. Usimlaumu. Mimi ndiye niliyeomba, na aliponiambia alitimiza ahadi yake.

Siku tulipoondoka, basi lilisimama Chimala na baba yako akataka mchele. Alichungulia dirishani, amekonda, shati linapepea, akamwambia muuzaji kwamba mchele ule una mawe mengi, na yeye kwa kuwa ni mwashi atayajengea. Yule mama akamjibu kwamba basi anunue magunia mawili, moja la msingi na moja la ukuta. Basi zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, na wakati nacheka nilikuwa napanga kichwani nani nitamwambia nini. Kutoka Chimala mpaka Makambako nilikuwa nimeshamaliza. Tulipofika nyumbani kila mtu alikuwa na habari yake.

Baba yako nilimwambia ni vidonda vya tumbo. Baba yako mkubwa, Lukasi, nilimwambia Mbeya hawakuona kitu. Mchungaji nilimwambia wamemtibu na amepona, kilichobaki ni udhaifu. Na Ndugu Elia nilimwambia tumepewa dawa zote kulekule Mbeya na wamekataza zisichanganywe na nyingine.

Utauliza kwa nini. Jumatano ile uliniuliza mbele za watu, nikajibu sikutaka kuwasumbua. Huo ulikuwa uongo wa tano. Sasa nakujibu.

Baba yangu, babu yako usiyepata kumwona, alikufa mimi nikiwa shule ya bweni, mwezi mmoja kabla ya kufunga shule. Alikuwa mzima, akaumwa tumbo, akafa. Ndugu zake hawakumpiga mama yangu wala kumtukana. Walimuuliza tu mbele ya watu nani alimpikia siku ile, halafu wakaacha kumsalimia. Akienda mtoni, wanawake wanamaliza kuchota na kuondoka. Alivumilia wiki tatu, kisha akabeba kikapu na mdogo wangu akaenda kwao. Mimi nilikuja likizo na karatasi yangu ya ripoti mkononi. Nilikuwa wa kwanza katika somo la afya na nilitaka kumwonyesha. Nilikuta mlango umefungwa kwa kamba na mbuzi wa watu amelala kizingitini. Jirani aliniambia, mama yako amehama, na hakusema zaidi.

Atupele, mimi hapa ni mgeni. Nimelima hapa miaka ishirini na mbili, nimekuzaa hapa, asubuhi naitikia kamwene, salamu ya hapa, na kamwene yangu haina kasoro. Hata hivyo nikipita kisimani wako wanaosema, yule Mnyakyusa, mke wa Fundi. Nilijua kansa ikitajwa mtu atauliza imetoka wapi, na nilijua macho yatageukia jiko la nani. Kwa hiyo nilikata ukweli vipande, nikampa kila mtu kipande ambacho kisingemfanya aulize. Niliona nina akili sana.

Sasa sikiliza vipande hivyo vilifanya nini.

Mchungaji alifurahi. Juni alitangaza ibada ya shukrani na baba yako akaitwa mbele asimame aseme Mungu amemtendea nini. Unamjua, hapendi kusema mbele za watu. Alisimama, ameshika ukingo wa benchi ya kwanza, jasho linamtoka na kanisa lilikuwa baridi. Akasema, namshukuru Mungu na madaktari. Kwaya ikaimba ubeti mmoja, ukawa mitatu, ukawa mitano, na yeye amesimama. Mimi nilikuwa benchi ya wanawake. Niliona vidole vyake kwenye ule ubao vimekuwa vyeupe. Sikuinuka.

Lukasi alikaa na habari yake wiki mbili. Akafikiri, kama hospitali kubwa imefungua tumbo na haikuona kitu, basi hiki si kitu cha hospitali. Akampakia ndugu yake kwenye lori la tumbaku akampeleka kwa mganga mmoja Chunya. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, vumbi na mashimo. Alirudi hawezi kukaa wima. Mimi nilifunga mlango wa jiko nikakaa ndani kwa hofu, kwa sababu nilidhani mganga ameshanitaja. Kumbe hakumtaja mtu. Alimpa mizizi na akamwambia apumzike. Jambo nililolikimbia nilikwenda kulichukua kwa mikono yangu, nikaliweka kwenye lori.

La Ndugu Elia ndilo linaloniamsha. Alikuwa na vidonge kabatini, siyo vile vya kichwa, vile vikali vinavyofungiwa. Kila nilipokutana naye aliniuliza, mgonjwa analala? Nami nilijibu, analala, dawa za Mbeya ni nzuri. Mbeya walitupa dawa za siku kumi. Kuanzia Mei mpaka ulipofika wewe, mwisho wa Agosti, baba yako alikuwa anaumwa na dawa ilikuwa umbali wa kutembea kutoka hapa mpaka kanisani. Alikuwa anaugeukia ukuta, anauma blanketi, ili mimi nisisikie. Nilikuwa nasikia.

Nimeandika hayo na mkono haujakauka. Basi naendelea.

Ulipokuja ulimtazama baba yako mara moja tu mlangoni na nikajua umeshajua. Siku ya tatu tulipokuwa tunapukuchua mahindi uliniambia habari za ile nyumba ya wagonjwa mnakojifunzia. Mimi nilijifanya sisikilizi vizuri, lakini nilisikia kila neno. Ulisema ni nyumba ya watu ambao hawatapona, na wanajua kwamba hawatapona, na bado kuna maua mezani na mtu anapiga kinanda. Ulisema kila Jumanne asubuhi wote wanaomhudumia mgonjwa wanakaa duara moja, daktari, manesi, mchungaji, mama wa ustawi wa jamii, na yule mama anayefagia sakafu. Na kwamba daktari humuuliza mfagiaji kama anavyomuuliza nesi. Nilicheka nikasema daktari huyo hana kazi.

Ndipo ukanieleza habari za yule mzee wa njiwa. Kwamba alikuwa halali, daktari anaongeza dawa na mzee halali, daktari anaongeza tena. Mpaka mfagiaji akasema pale kwenye duara kwamba mzee ana njiwa wa mashindano ya kuruka nyumbani na hajui nani anawalisha. Mama wa ustawi akaenda akamtafuta jirani wa kuwalisha, akarudi na unyoya mmoja kama ushahidi, na usiku ule mzee alilala na dawa ikapunguzwa. Uliniambia pia la kwako, kwamba mama mmoja alikuapisha usimwambie mtu kuwa maumivu yamerudi, asije akazuiwa kwenda kwenye harusi ya mjukuu wake, na wewe ukaitunza siri ile. Matroni hakukukaripia. Alikuuliza tu umekaa nayo siku ngapi, na yule mama ameteseka siku ngapi. Ukasema zilikuwa siku mbili, na kwamba ulilia chooni.

Wewe siku mbili, mwanangu. Mimi kuanzia Mei.

Ndiyo maana ulipoomba tukutane nyumbani kwa Mchungaji sikukataa. Ulipanga viti duara. Baba yako mkubwa akauliza kama tumekuja kucheza. Ukamwambia kila mtu aseme tu alichoambiwa kuhusu ugonjwa, asiseme anachofikiri. Mchungaji akasema, niliambiwa amepona. Ndugu Elia akasema, niliambiwa ana dawa za Mbeya zisizochanganywa. Lukasi akasema, niliambiwa hawakuona kitu. Kisha wote watatu wakanigeukia.

Lukasi ndiye aliyeanza. "Shemeji," akasema, "wewe ungeajiriwa redioni. Kila mtu umempigia wimbo alioomba."

Walicheka, hata Mchungaji, hata mimi, na katikati ya kicheko nikaanza kulia. Wewe ndiye uliyelitaja jina la ugonjwa. Hakuna aliyeuliza umetoka wapi. Hilo nataka ulijue, maana nimelifikiri kila siku tangu Jumatano ile. Niliogopa swali lile miezi mitano, na lilipofika wakati wake halikuulizwa. Lukasi aliishika kofia yake akaitazama ndani, akasema polepole, "Na mimi nikampakia kwenye lori mpaka Chunya." Viazi tulivyoandaliwa hakuvigusa mpaka vikapoa.

Kisha ukasema baba aambiwe, sote tukiwepo. Lukasi akakataa. Alisema mtu hatangaziwi kifo chake kama mkutano wa kijiji. Wewe ukamjibu kwa heshima, sauti yako chini: "Baba Mkubwa, hatumtangazii. Kule tunaanza kwa kumuuliza yeye mwenyewe anataka kujua nini." Nami nikasema, huko ni kwao. Nikasema mengine makali ambayo sitayarudia, ukainamisha kichwa. Ulinitii. Umesoma kuliko sisi wote mle ndani na ulinitii kwa sababu mimi ni mama yako. Kwa siku kumi na moja umekaa kando ya kitanda cha baba yako ukimuuliza vidonda vinaendeleaje.

Lakini ulichokiweka Jumatano kilifanya kazi, hata bila hilo. Ndugu Elia alianza kuleta vidonge kwa saa, kila baada ya saa nne, maumivu yakiwepo au yasiwepo, kama ulivyomwelekeza. Lukasi alichukua kazi ya kumgeuza na kumwogesha, na kumbe ana mikono laini kuliko mimi. Mchungaji aliacha maombi ya kupona, akawa anakuja tu kumuuliza jinsi ya kuziba ufa wa ukuta wa kanisa, na baba yako akawa anamfundisha kwa sauti kubwa kama zamani, anamwambia saruji hiyo ni uji wa mtoto. Usiku wa Alhamisi iliyofuata alilala mpaka jogoo. Mimi ndiye sikulala. Nilikaa nikisikiliza asivyolia.

Sasa nikuambie na lile usilolijua, kwa sababu nimeahidi yote. Haya hayatadumu. Jana Ndugu Elia alinionyesha kopo. Vidonge vilivyobaki havitafika mwisho wa mwezi. Ameandika Mafinga, wamemjibu asubiri mgao. Pia amepata barua ya uhamisho, na atakayekuja badala yake hajulikani. Lukasi ana shamba la kuandaa kabla ya mvua na watoto wake wanamtazama. Mchungaji ana sharika nyingi na pikipiki moja mbovu. Timu uliyoijenga kwa viti vya kuazima imeanza kubomoka kabla hujapanda gari. Ugonjwa hautasubiri mgao. Nimesoma somo la afya mpaka darasa la nane tu, lakini najua Oktoba itakuwaje katika nyumba hii, na sioni mlango wa kutokea. Sikuandikii ili ubaki. Ukibaki utapoteza mwaka na nafasi, na bado vidonge vitakwisha.

Sasa la leo.

Baada ya ibada ulikwenda kufua. Nilimpelekea baba yako uji, akanywa vijiko vitatu. Akanitazama akasema, "Mama Atupele, funga mlango kidogo ukae."

Nikafunga, nikakaa.

"Mimi nina vidonda?"

Nikasema ndiyo.

Akasema: "Siku kumi na moja sasa mnakuja kwa zamu kama walinzi wa ghala. Elia anatazama saa. Kaka yangu, ambaye hajawahi kubeba hata mtoto wake, ananiogesha. Mchungaji haniombei tena. Mtu wa vidonda halindwi hivyo."

Nilitafuta uongo mwingine, Atupele. Naandika hili kwa aibu. Niliutafuta kabisa, na nilikuwa nimeshaupata nusu yake. Kisha nikatazama mkono wake juu ya blanketi nikakumbuka ile benchi, nikamwambia. Nilisema ni kansa, walifungua wakafunga, hawawezi kitu. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kinyakyusa nisingeweza, na Kihehe nakijua cha salamu na shamba tu.

Aliuliza, "Tangu Aprili?"

"Tangu Aprili."

"Kumbe ulinisimamisha kanisani," akasema.

Hakupandisha sauti. Aligeukia ukuta kama zamani za Mei. Nilikaa. Nilimsikia anavuta pumzi, nikamsikia kuku nje, nikakusikia wewe unakamua nguo na kuimba. Nilidhani mambo kati yangu na yeye yamekwisha, miaka ishirini na mbili imeishia pale. Kisha akasema, bila kugeuka, "Mtoto anajua?"

Nikajibu, "Hajui."

Lilinitoka kabla sijalifikiri. Nimekaa jikoni tangu mchana nikiuliza limetoka wapi, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimesema kweli, na haikuniua. Nadhani ni hivi. Lukasi amemdanganya kwa siku kumi na moja, Mchungaji amemdanganya, Elia amemdanganya, na mimi ndiye niliyewafundisha. Nilitaka awe na mtu mmoja katika nyumba hii ambaye hakumdanganya. Nikakuchagua wewe.

Akasema, "Basi asijue. Akijua hatapanda gari." Nikaitikia. Kisha akaomba Lukasi aje kesho alfajiri amnyoe, na nitoe lile koti lake la harusi, kwa sababu anataka kusimama mlangoni gari likija. Amepanga kukuambia kwamba akipona mwakani atakuja kukupokea mwenyewe Dar es Salaam. Ameniomba nisimcheke atakapolisema.

Kwa hiyo kesho atasimama, ameshika kizingiti, atakudanganya kwa ajili yako, na wewe utamdanganya kwa ajili yake, kama nilivyokuamuru. Na mimi nitakuwa katikati, nimebeba mfuko wako wa vitumbua, najua yote ya pande zote mbili.

Nilipoanza kuandika niliona hivyo ni sawa. Niliona utakuta barua hii kwenye kitabu ukiwa mbali, utalia, utanisamehe au hutanisamehe, na baba atakuwa amepata alichokitaka. Sasa nimefika ukurasa wa sita na nauona mkono wangu unafanya kilekile ulichokifanya kwenye basi la kutoka Chimala. Kipande kwako, kipande kwake, na kisu ninacho mimi. Kwa hiyo kitabu chako cha mifupa nakiacha kilivyo. Nitakupa karatasi hizi mkononi ukirudi kutoka kwa shangazi zako, kabla ya chakula. Sitaweza kukuambia kwa mdomo; nyumba ina watu, na mdomo wangu umeshazoea vibaya. Mkono angalau ulifundishwa na mwalimu mzuri.

Kuna jambo moja la kazi yako nataka uende nalo, maana sina lingine la kukupa linalohusu udaktari. Siku moja, huko au hapa, mwanamke atakushika mkono wa koti kibarazani na kukuomba umwambie yeye peke yake. Usimkubalie upesi kama yule kijana wa Mbeya, na usimkemee pia. Atakuwa amevaa vizuri, atasema anamwonea huruma mumewe, na itakuwa kweli. Lakini muulize anamwogopa nani. Mkalishe umuulize mara mbili, maana mara ya kwanza atasema hamwogopi mtu. Mimi kama ningeulizwa siku ile ningelia, ningemtaja Lukasi, na pengine mtu angekwenda kumwita Lukasi, na Lukasi angesema neno lake la redio mwezi wa nne badala ya wa nane. Baba yako angekufa vilevile. Lakini asingeuma blanketi tangu Mei mpaka Agosti, na asingesimama mbele ya kanisa.

Sina tumaini la dawa, wala la mgao, wala la huyo mgeni atakayekuja zahanati. Sina hata tumaini kwamba baba yako atanitazama tena kama alivyonitazama Chimala basi zima likicheka. Leo jioni aliamka kidogo akaomba maji. Nilipompa kikombe alikishika pamoja na vidole vyangu, sijui kama ni kwa udhaifu au ni kwa jambo lingine, na sikuthubutu kumuuliza. Hicho ndicho nilicho nacho.

Nasikia sauti yako barabarani, unacheka na shangazi yako mdogo, kwa hiyo niandike haraka. Hapa chini nimeacha nafasi. Chukua kalamu yangu, ujibu usiku huu huu na uniletee karatasi jikoni, kwa sababu saa kumi na moja Lukasi atakuja na wembe na baada ya hapo tutakuwa tumechelewa. Nijibu wewe, kama unavyojibu kwenye lile duara lenu, na lolote utakaloandika nitalifuata bila kubishana:

Tuingie kwake sote wawili kabla hajavaa koti, niseme mbele yako kwamba nilimdanganya tena, na kwamba wewe ulijua tangu siku ya kwanza ukanyamaza kwa amri yangu. Au nimwache asimame mlangoni, na wewe uende ukiwa yule mtu mmoja ambaye hakumdanganya?

Mama yako